Mkaguzi wa Miti Aliyejaza Mikono

Katika Machame nzima hakuna mtu aliyewahi kumsikia Elisaria Nkya akisema "hapana". Ukimkaribisha chai anakunywa, hata kama ametoka kunywa chai kwa jirani yako na kwa jirani wa jirani yako. Ukimwomba abebe mkungu wa ndizi wa mtu asiyemfahamu kutoka njia panda mpaka kanisani, anaubeba. Mke wake, Hellen, hupenda kusema kwamba hata kwenye uchumba hakuposwa. Yeye ndiye aliyemwuliza Elisaria, na Elisaria akashindwa kukataa.

Sasa mtu wa namna hiyo, kazi aliyopewa na halmashauri ilikuwa ya kukataza.

Alikuwa mkaguzi wa miti. Mtu akitaka kujenga, kabla hajapewa kibali, Elisaria alipanda pikipiki yake akaenda kukizunguka kiwanja, kuona kama kuna mti ambao sheria imeuhifadhi: mvule, mninga, mpingo na wenzake. Miti hiyo, hata ikiota katikati ya kihamba, lile shamba la nyumbani alilokuachia babu yako, huikati bila ruhusa ya serikali, na ruhusa yenyewe haina haraka ya kuja. Elisaria akiuona mti wa aina hiyo alikwaruza gome kidogo, akachungulia utomvu, akageuza jani moja au mawili, kisha akaufunga utepe mwekundu kiunoni. Hakusema kitu. Aliaga kwa heshima, akarudi ofisini, na "hapana" yake ikafuata baadaye kwa barua yenye mhuri. Kwenye karatasi alikuwa simba.

Watu walishamjua. Kule Mabogini bwana mmoja aliuzungushia mvule wake mabati, akaandika kwa chokaa: CHOO CHA WANAWAKE. Elisaria alipofika alikagua kiwanja chote, akabakiza choo. Akasimama mbali kidogo, macho ameyaelekeza kwenye majaruba ya mpunga kwa adabu, akisubiri aliyemo atoke. Alisubiri mpaka jua likampanda utosini. Juu ya mabati yale matawi yalikuwa yametanda, na ndege wamejaa wanapiga kelele. Mwishowe mke wa mwenye kiwanja akamwonea huruma, akamletea kiti.

"Baba, humo hakuna mtu," alimwambia. "Ni mti."

"Asante, mama," alisema Elisaria. "Lakini nibishe hodi kwanza."

Akabisha.

Hivyo ndivyo alivyoishi, na siku zilikwenda bila matata mpaka binti yake Digna, mwalimu wa chekechea, alipopata mchumba. Kijana mwenyewe, Jovin, hakuwa na neno: mpole, anasalimia, anakula anachopewa. Shughuli ilikuwa kwa baba yake. Aristides Kimaro alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi, na alikuwa mtu asiyeweza kufanya jambo dogo. Akinunua kiberiti ananunua katoni. Mbwa wake alimwita Mkurugenzi. Harusi ilipopangwa iwe Desemba, wakati Wachagga wote wanarudi nyumbani kutoka kila walikokwenda kutafuta, Aristides aliangalia kumbi zilizopo, akatikisa kichwa.

"Hizi ni kumbi za kipaimara," alisema. "Watu wangu nitawaweka wapi? Kwenye debe?"

Akaamua kujenga ukumbi wake mwenyewe kwenye kiwanja chake cha Masama ya chini, karibu na lami, na sherehe ya kwanza kufanyika humo iwe ya mwanawe. Mialiko ikaanza kutolewa kabla ya msingi kuchimbwa. Ombi la kibali likaingia halmashauri, likateremka kutoka meza hadi meza, likatua mbele ya Elisaria.

Elisaria alilibeba mpaka kwa mkuu wake, Bwana Theodory.

"Mkuu, huyu ni mkwe wangu. Naomba aende mwingine."

"Harusi lini?"

"Desemba."

"Na huu ni mwezi gani?"

"Juni."

"Basi bado ni mtu baki," alisema Theodory, akarudi kwenye chai yake. "Nenda."

Akaenda. Na kabla hajazima pikipiki alishaona. Katikati kabisa ya kiwanja, pale ambapo ramani ilionyesha jukwaa la bwana na bibi harusi, ulikuwa umesimama mvule mnene, umenyooka, umeridhika na maisha. Aristides alikuwa chini yake, ameuegemea kwa mgongo, mikono yote miwili nyuma, kana kwamba anaweza kuuficha. Aristides ni mnene, lakini si kwa kiasi hicho.

"Mzazi mwenzangu, karibu," alisema. "Unakaguaje kiwanja kitupu?"

"Sijui, mzazi mwenzangu. Nyuma yako hapo ni nini?"

"Wapi?"

"Hapo ulipoegemea."

Aristides aligeuka, akatazama juu, akatazama tena chini. "Aa, huu. Huu ni mti tu."

Elisaria akaomba samahani, akapita pembeni yake, akakwaruza gome. Utomvu mweupe ukatoka, ukatiririka taratibu. Wote wawili wakautazama.

"Hata mpapai una maziwa," alisema Aristides.

Elisaria alitoa utepe mwekundu, akaanza kuzunguka mti, na kwa kuwa shina lilikuwa kubwa na utepe mfupi, ilibidi amwombe Aristides amshikie ncha moja. Aristides akaishika. Ni mpaka utepe ulipokwisha kufungwa ndipo alipogundua kwamba amesaidia.

"Mkwe," alisema sasa kwa sauti ya chini, "hutaandika?"

Hapo ndipo neno lilipotakiwa kumtoka Elisaria, na halikutoka. Alikohoa. Akasema taarifa inatakiwa mwisho wa wiki ijayo, kabla kamati haijakaa. Akaaga, akaondoka. Alijua kinachomngoja. Akiandika ukweli, Aristides ataaibika mbele ya watu aliokwisha kuwaalika, na wazee wa ukoo wa Kimaro wamewahi kuvunja uchumba kwa sababu ndogo kuliko mvule. Asipoandika, atakuwa amedanganya kwenye karatasi, mahali pekee alipokuwa mwanaume. Na Digna alishashonewa gauni.

Jumamosi Hellen alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akiwa anahema. Katika kwaya hiyo sauti ya kwanza waliimba bega kwa bega yeye na Victoria, mke wa Aristides, na hakuna jambo lililolala katika nyumba moja bila kuamkia nyumba ya pili.

"Baba Digna, mwenzio amekata isale."

Elisaria aliweka kikombe chini. Isale kila mtu analijua: ule mmea wa majani marefu tunaopanda kuzunguka vihamba kuwa mpaka. Lakini jani lake likikatwa na kuletwa na mtu aliyekukosea, kazi yake ni nyingine. Hilo ni ombi la msamaha, na Mchagga aliyeletewa jani la isale hakatai. Baba yake Elisaria mwenyewe aliwahi kuletewa na jirani aliyemlia mbuzi, na wakati jirani anaongea nyama ilikuwa bado kwenye meno yake, na mzee akasamehe.

"Amenikosea nini?" aliuliza Elisaria.

"Bado. Anataka umsamehe kwanza, halafu aukate mti. Ukishapokea isale huwezi kumwandikia barua. Na ukikataa kulipokea, nani atakuja kwenye harusi ya mtoto wako?"

Elisaria alifikiri. "Na nisipoliona?"

"Atakutafuta."

"Na nikiliona lakini sina mkono wa kupokelea?"

Hellen aliitazama mikono ya mumewe. Isale halitupwi mezani kama gazeti la jana. Linatolewa mkononi, linapokelewa mkononi, tena kwa mikono miwili, na kumchomekea mtu mfukoni ni matusi. "Hapo," alisema polepole, "mwenyewe utajua utakavyofanya."

Kesho yake alfajiri Mkurugenzi alibweka njiani, na nyuma ya Mkurugenzi akatokea Aristides katikati ya migomba, mkono mmoja ameuficha mgongoni. Elisaria alikuwa zizini. Akanyakua ndoo ya maziwa kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akanyakua kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa mkia wa ng'ombe.

"Umeamkaje, mzazi mwenzangu?"

"Salama tu."

"Nimekuja na neno dogo. Weka ndoo chini."

"Ina maziwa."

"Maziwa huwekwa chini, mkwe."

"Haya ni ya moto."

"Na mkia?"

Elisaria aliutazama ule mkia kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Ng'ombe huyu," alisema, "asiposhikwa hapo anakosa raha."

Aristides alisimama, akangoja. Elisaria naye akasimama. Ng'ombe ndiye aliyechoka kwanza. Alianza kutembea kwenda kwenye majani, na Elisaria akamfuata nyuma, ndoo huku na mkia huku, akiaga kwa kichwa mpaka migomba ikamfunika.

Siku hiyo hiyo kanisani alikaa na vitabu viwili vya nyimbo, na walipoambiwa wasalimiane alisalimia kwa kiwiko. Baada ya ibada ulikuwapo mnada wa sadaka nje, kama kawaida: mayai, ndizi, maparachichi, kuku. Elisaria alijitolea kumshikia mzee wa kanisa vitu vinavyonadiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, na akasimama mbele ya washarika wote na jogoo mmoja kila mkono. Aristides akapenya katikati ya watu, akainua juu mkono wenye jani la isale ili mkwe wake alione vizuri.

"Namwona Baba Jovin amepanda," alisema mzee wa kanisa.

"Sijapanda," alisema Aristides, akipunga jani.

"Amepanda tena. Mungu ambariki."

Kila alipopunga kukanusha alipandisha bei, na hakuna aliyethubutu kushindana na mtu mwenye ari kama hiyo. Majogoo wakawa wake. Elisaria akamkabidhi, mmoja huku na mmoja kule, na Aristides akajikuta ana jogoo mkono huu na jogoo mkono ule, na jani la isale amelibana kwa meno. Alijaribu kusema kitu. Hakuna aliyeelewa.

Wiki iliendelea vivyo hivyo. Ofisini Elisaria alitembea na makopo mawili ya rangi. Barabarani alibeba mabegi ya wanawake wasiomjua. Hellen alimlisha mtori kwa kijiko, jioni, dirisha likiwa wazi, na majirani wakaanza kuuliza kama mikono yake imepooza. Wengine waliiombea.

Siku moja kabla ya taarifa kutakiwa, Digna alimkuta baba yake amekaa kibarazani, amekumbatia maboga mawili, na hakuna mgeni yeyote karibu. Ilikuwa tahadhari tu.

"Baba," alisema, akakaa pembeni yake. "Siku ya harusi utanishika mkono na nini?"

Elisaria aliyatazama maboga.

"Utaniingiza kanisani na ndoo?"

"Naogopa watavunja, mwanangu. Nikiandika."

"Jovin anajua kwamba utaandika. Nilimwambia tangu tulipoanza kujuana: baba yangu hasemi, ila anaandika. Akasema afadhali, kwao wanasema tu." Akaligonga boga moja kwa kidole. "Mimi siogopi barua yako. Naogopa picha za harusi."

Usiku huo Elisaria alilala mikono mitupu, na mapema asubuhi akaandika taarifa kama alivyoziandika zote: mvule mmoja, mzima, katikati ya kiwanja, usikatwe. Akaipeleka. Halafu akarudi nyumbani, akaenda kwenye mpaka wa kihamba chake, akakata jani la isale, refu kuliko yote. Maana sasa mwenye kosa alikuwa yeye. Amemharibia mkwe wake ukumbi, na anayekosa ndiye anayepeleka jani. Alishangaa kwamba hakuwa amelifikiria mapema; mikono ilikuwa imejaa mno.

Hellen alimweleza Victoria. Kwa hiyo Elisaria alipoingia dukani Moshi, Aristides alikuwa katikati ya duka amekumbatia sinki la kunawia.

"Karibu, mkwe," alisema kwa tabu.

"Nimekuja na neno dogo. Weka sinki chini."

"Lina mteja."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

"Nitamngoja pamoja nawe."

"Anatoka Tanga," alisema Aristides.

Elisaria akasogea kulia, Aristides akasogea kushoto, wakazunguka rundo la saruji kama watu wanaocheza. Wafanyakazi wa duka waliacha kuhesabu misumari. Sinki lilipomchosha mikono, Aristides aliliweka na kwa haraka ile ile akanyakua mabomba mawili, akarudi nyuma mpaka stoo, akafunga mlango kwa kisigino. Ndani kukasikika vitu vikianguka.

Kilichobaki kilikuwa kikao cha wazazi. Kilifanyika Jumapili ya wiki iliyofuata nyumbani kwa Elisaria, wazee wa pande zote mbili wakiwapo, na barua ya halmashauri ilikuwa imeshamfikia Aristides. Kila mtu alijua. Watu walikuwa wamekaa kama wanaosubiri majibu ya mtihani, na Digna alikuwa jikoni ameshika mwiko bila kukoroga chochote.

Mbuzi akaletwa. Katika koo zile, nyama ya mkwe haichukuliwi kwenye sinia tu. Mwenyeji anamkatia mkwe wake fungu lake, analiweka kwenye jani la mgomba, anampa mkononi, na mkwe naye anamkatia mwenzake. Kutokupokea nyama hiyo ni kusema hakuna undugu, na isitoshe ni kukosa nyama. Aristides alikuwa amekuja na fimbo mkono mmoja na redio mkono wa pili. Alimwona Elisaria anakata. Alisikia harufu ya mbuzi. Fimbo ikawekwa chini. Redio ikafuata.

Elisaria akamletea fungu lake. Aristides akalipokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kama inavyotakiwa. Kisha akakata la Elisaria, akalifunga vizuri kwenye jani la mgomba, akampa, na Elisaria naye akapokea kwa mikono miwili.

Wakafungua. Chini ya nyama ya Aristides kulikuwa na jani la isale. Chini ya nyama ya Elisaria kulikuwa na jani la isale.

Hakuna aliyetafuna. Mzee mmoja wa ukoo wa Kimaro, ambaye kipande kilikuwa tayari mdomoni, alikishikilia shavuni.

"Umepokea," alisema Elisaria.

"Na wewe umepokea," alisema Aristides.

"Nisamehe nimeandika."

"Na wewe nisamehe nitakata."

Ilionekana kama mambo yamefungana pale, na wazee wakaanza kutazamana. Aliyefungua ni Victoria, mke wa Aristides, ambaye alikuwa anapanga sahani na njaa ilikuwa inamwuma.

"Baba Jovin," alisema, "anayepeleka isale si huwa anasema hatarudia?"

"Ndiyo."

"Basi umeshaahidi hutaukata tena."

"Lakini sijaukata hata mara moja."

"Ndiyo maana ahadi yako ni nzuri," alisema Victoria, akaketi. "Haina doa. Tuleni."

Mzee mwenye nyama shavuni akaanza kutafuna, na hilo likachukuliwa na wote kuwa ndiyo hukumu. Jikoni mwiko ukasikika ukianza kukoroga. Aristides akalichomeka jani la isale kwenye mfuko wa shati lake, upande wa moyo, akalipigapiga.

"Barua inasema nisiukate," alisema. "Haisemi nisijenge."

Akajenga. Mchora ramani alimshauri ausogeze ukumbi pembeni, lakini Aristides hakuwa mtu wa kusogea pembeni. Ukumbi ulijengwa pale pale, kuuzunguka mvule, shina likipita katikati na kutokea juu ya paa. Desemba ilipofika ulikuwa umejaa mpaka milangoni. Walioketi kushoto walimwona bwana harusi peke yake na walioketi kulia walimwona bibi harusi peke yake, na upande ule ukashangilia wakati upande huu unasali. Mshereheshaji alikwenda na kurudi kuuzunguka mti mpaka sauti ikakauka. Elisaria alimwingiza Digna akiwa amemshika mkono barabara, wakauzunguka mvule, huku Jovin na baba yake wakija kuwapokea wakiuzunguka kwa upande ule ule, hivyo wakafuatana mizunguko kadhaa kabla Jovin hajapata akili ya kugeuka. Picha zilitoka nzuri, ingawa kuna mti katika zote.

Aristides alikuwa anawaambia wageni kwamba wazo lilikuwa lake. Wawili walishaulizia ukumbi kwa Pasaka.

Jioni mvua ikanyesha, na pale shina lilipotoboa paa maji yakapata njia. Yalidondokea kwenye kiti kimoja tu katika ukumbi mzima, na kiti hicho kilikuwa cha baba wa bibi harusi. Elisaria hakulalamika, hajui inavyofanywa. Alifungua mwavuli, akaushika kwa mkono mmoja, sahani ya machalari ya ndizi mkono wa pili, akaendelea kukaa.

Hapo akamwona Aristides anakuja kati ya meza, tai imelegea, uso umemtulia, amelishika jani la isale mbele yake mbele ya watu wote. Alifika, akayatazama matone, akalitazama paa lake, akaona kwamba mkwe wake amejaza mikono. Akasimama tu, akangoja.

Elisaria akaiweka sahani chini. Kisha akafunga mwavuli.